Mwalimu Aliyebaki Kwenye Benchi

Kwetu Kwaresima haikuanza na majivu. Ilianza siku Mwalimu alipoacha ugoro. Jumanne, kesho yake ikiwa Jumatano ya Majivu, alikung'uta kikopo chake nyuma ya kanisa, akakiosha, akakianika kwenye dirisha la sakristia, na kuanzia hapo tukaanza kumkwepa. Mwaka mzima alikuwa mpole, ila zile siku arobaini hakuongeleka. Watoto wa mafundisho walichungulia dirishani kwanza, na wakikiona kikopo kimeanikwa walichomekea mashati kabla ya kuingia.

Alikuwa katekista wa kigango chetu, pembeni kidogo ya machimbo ya Rwamgasa. Hakuna aliyemwita katekista. Tulimwita Mwalimu, na hata walimu wa shule ya msingi walipomtaja walisema Mwalimu, wao wakabaki na majina yao. Padre alitufikia mara moja kwa mwezi, na mvua ikifunga njia, hata hiyo moja hatukuiona. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa yeye. Ibada ya Jumapili yeye, mafundisho yeye, kwa mgonjwa yeye, kwenye maiti yeye.

Mimi ni mpika wali. Nina banda la chakula karibu na makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na wateja wangu ni wachimbaji wenye njaa na maneno mengi. Kuandika sifa za watu si kazi yangu, na ulimi wangu wenyewe hausifiki. Ila kuna neno moja Mwalimu aliniomba kila mwaka kwa miaka saba, nami nikamnyima. Naandika kwa sababu ya hilo neno. Mengine nayasema ili umwone mwenyewe, usije ukadhani nilimnyima mtu mbaya.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti moja la bluu lililopauka mabegani. Alitamka "Kwalesima", kama Wasukuma wengi tunavyotamka tukijisahau, lakini ole wako ukosee neno la sala mbele yake. Alikurudisha mwanzo. Sauti ya kuimba hakuwa nayo kabisa. Wanakwaya walimbembeleza awaachie wao wimbo wa kuanza, akawajibu kwamba Mungu ndiye aliyempa sauti hiyo, kwa hiyo aisikilize mwenyewe.

Njia ya Msalaba ndiyo iliyokuwa mboni ya jicho lake. Kila Ijumaa ya Kwaresima, saa kumi alasiri, tulianzia mlangoni mwa kanisa, tukapita kwenye makarasha, tukazunguka mabwawa ya kuoshea mchanga, tukamalizia makaburini. Alhamisi alikuwa amezunguka kwa kila mwenye karasha kuomba mashine izimwe tukipita. Wengi walizima, Waislamu wakiwa wa kwanza. Mwaka mmoja akaja tajiri mgeni, akakataa, akasema mashine haijui Ijumaa. Mwalimu hakubishana naye. Alipofika pale alipiga magoti ubavuni mwa karasha, akasoma kituo chote kwa kupaza sauti, vumbi likitushukia. Akamaliza. Akatugeukia akasema kituo hicho hakikusikika, turudie. Tukarudia. Alipotaka turudie mara ya tatu, yule tajiri akazima mwenyewe huku akicheka. Tulitoka pale weupe kope mpaka kucha, na mwaka uliofuata tajiri alizima bila kuombwa.

Alikuwa na namna yake ya kupatanisha watu. Wiki ya kwanza ya Kwaresima aliulizia nani haongei na nani, na kwa kuwa machimboni siri haikai, alipata majina yote. Ijumaa akawapa hao hao wawili msalaba mkubwa wa mninga waubebe, mmoja mbele, mmoja nyuma. Hakuhubiri wala kuwauliza chochote. Mimi niliubeba na jirani yangu Mama Kulwa mwaka tuliogombania wateja, tukatukanana mpaka vyungu vikanyamaza. Hatua kumi za mwanzo tulivutana vibaya. Kwenye karasha la kwanza nikamsikia nyuma yangu akisema, "Polepole, jiwe hilo." Nami nikamjibu, "Nimeliona." Ndiyo yakawa mazungumzo yetu ya kwanza baada ya miezi minne. Mpaka leo Mama Kulwa ndiye anayenikopesha moto asubuhi.

Usidhani alikuwa malaika. Alikemea watu wanaopeleka kuku mweupe kwa mganga ili duara, shimo la kuchimbia, litoe dhahabu, akawaita wapagani wenye rozari shingoni. Lakini bundi alipotua kwenye paa lake, Mwalimu alihamia sakristia siku tatu. Alisema anatengeneza dirisha. Dirisha la sakristia halikuwa na kasoro yoyote, tulikwenda kulitazama. Na maduara aliyaogopa. Hakusogea mdomoni mwa shimo, alisimama mbali akaita majina. "Mimi na shimo tutakutana," alisema, "nani ana haraka?" Hata hivyo kila mchimbaji alimjua kwa jina, na jina la mama yake huko alikotoka, na jioni alisimama barabarani akiwatazama wakirudi mpaka amwone wa mwisho.

Alikuwa na haya za ajabu pia. Mwaka ambao padre alipata nafasi ya kutufanyia ibada ya Alhamisi Kuu, Mwalimu alichagua wachimbaji kumi na wawili wa kuoshwa miguu, akawakusanya mchana kwenye bwawa, akawapa sabuni na jiwe la kusugulia. Jioni padre alipiga magoti na beseni lake, akatazama miguu ya kwanza, ya pili, ya tatu, yote inang'aa kama ya bwana harusi. Akamtazama Mwalimu. "Sasa mimi nitaosha nini?" Kanisa zima lilicheka, na Mwalimu akainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekosa hesabu rahisi. Hakutaka padre aone tope letu. Tope lenyewe ndilo padre alilifuata, lakini hilo hakulijua mpaka alipoambiwa.

Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake, na ndipo tulipoumia. Aliipenda dini iwe safi. Alikuwa na daftari la wakatekumeni, wale wanaojiandaa kwa ubatizo, na kila Ijumaa ya Njia ya Msalaba aliweka alama mbele ya jina. Sheria yake ilijulikana na wote. Ukikosa Ijumaa tatu bila ruhusa, jina lako linakatwa, unasubiri Pasaka ya mwaka unaofuata. Ruhusa alitoa, tena bila shida, ila haikuombwa kwa simu. "Msalaba haubebwi kwa meseji," alisema. Uje mwenyewe, au aje ndugu yako, asimame mbele yake, aseme.

Mdogo wangu Masanja alikuwa kwenye daftari hilo. Kitindamimba wa mama yetu, alikuja kwangu kutoka Ushirombo akiwa na miaka ishirini. Baba yetu alishika mila mpaka kufa, hivyo Masanja hakubatizwa utotoni. Mimi nilibatizwa nilipoolewa. Alisoma mafundisho miaka miwili, akayapenda kuliko nilivyotegemea kwa kijana wa machimboni. Alishachagua jina la ubatizo, Yohane. Wateja wangu walimtania, wakimwita Yohane wa Duarani, naye akaitika.

Kwaresima ya mwaka wa pili alikosa Ijumaa tatu. Dominika ya Matawi Mwalimu alisoma majina ya watakaobatizwa Pasaka, na la Masanja halikuwamo. Pasaka ilipofika Masanja alivaa shati lake jeupe hata hivyo, akasimama nyuma ya kanisa, akawatazama wenzake wakimwagiwa maji. Baada ya hapo hakurudi tena kwenye mafundisho. Alisema atarudi Kwaresima ikikaribia. Mwezi wa kumi na moja mvua zilianza, duara likatitia, wakamtoa kwenye kifusi siku ya pili.

Nilimwendea Mwalimu kumwomba amzike. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya kanisa, daftari magotini. Alikuwa amelia, macho yalikuwa mekundu. Lakini alitikisa kichwa. "Mayu, jina lilikatwa," akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Si mkatekumeni tena. Sina mamlaka ya kumzika kikanisa. Ningefanya, ningekuwa nadanganya." Nilimwambia ampigie padre. Akapiga, simu ya padre haikupatikana, mvua ilikuwa imeangusha mnara. Maiti ya kutoka kwenye kifusi haisubiri. Masanja alizikwa na wachimbaji wenzake, bila sala, bila wimbo, wanawake wa jumuiya yetu wamesimama kando na rozari zao mikononi, hawajui kama waimbe au wanyamaze. Mwalimu naye alikuja. Alisimama mbali na kaburi kama alivyokuwa akisimama mbali na maduara.

Padre alipofika baada ya wiki mbili, alisikia habari hiyo akashika kichwa. Alimwita Mwalimu sakristia, mlango ukiwa umefungwa. Mkatekumeni huzikwa kama Mkristo, alimwambia. Aliyemtamani Kristo ni wa Kristo. Kuahirishwa si kufukuzwa. Nani alimwambia kwamba jina likikatwa kwa kalamu yake, limekatwa na mbinguni?

Sisi wengine hatukuyasikia hayo. Mwalimu angeweza kunyamaza, na mambo yangeishia sakristia. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kigango kizima akayasema yote mwenyewe, neno kwa neno, na swali la padre akalisema pia. Akasema amekosa mbele ya Mungu, mbele ya marehemu, na mbele yangu. Watu wakanigeukia. Nilibeba mtoto wangu nikatoka.

Tangu siku hiyo hakupokea tena Komunyo. Padre alipokuja na Misa, Mwalimu alitupanga mstari, akahakikisha wazee wanatangulia, kisha akarudi kukaa kwenye benchi la mbele, mikono juu ya magoti. Mtu aliyefundisha nusu ya machimbo kupokea. Wageni walidhani ana wake wawili. Padre mwenyewe alimsihi. Alimwambia ameshaungama, ameshasamehewa, aje mezani. Mwalimu alimjibu, na jibu hilo lilizunguka kijiji kizima: "Mungu amenisamehe, Baba, nashukuru. Mwenye maiti bado."

Kila Jumatano ya Majivu, ibada ikiisha, alikuja bandani kwangu kabla hajaenda popote. Alivua kofia, akasimama nje ya kivuli cha turubai, majivu bado kwenye paji. "Mama Neema, nimekuja kuomba radhi." Maneno ni hayo hayo kila mwaka. Na mimi sikumwamkia. Mzee wa kunizaa, nikamnyima hata shikamoo, wateja wananitazama, wengine wanaacha kula. Mwaka wa kwanza nilimwambia akamwombe aliyeko chini. Alikwenda kweli. Nilipofika kaburini Siku ya Marehemu nilikuta pamepaliliwa, pana msalaba wa saruji ulioandikwa Yohane Masanja. Badala ya kulainika nilipandwa na hasira zaidi, nikasema sasa ndiyo anaandika jina alilolikata. Mwaka wa pili nilijifanya nina kazi. Mwaka wa tatu nikamwambia asinipotezee wateja. Akajibu, "Haya mayu, nitakuja tena," akavaa kofia, akaondoka. Miaka iliyofuata niliendelea tu kuosha mchele mpaka aondoke.

Mama Kulwa alinisema. "Shoga yangu, huyo mzee unamkausha. Mwambie tu, hata kwa midomo." Nilimwambia ayaache yasiyomhusu. Wengine walidhani nina moyo wa jiwe, nami nikawaacha wadhani hivyo, maana ukweli ulikuwa mbaya kuliko jiwe.

Ukweli ni huu. Ijumaa mbili za kwanza Masanja alikuwa zamu ya kutoa maji duarani, hilo halina ubishi. Ya tatu nilimkosesha mimi. Wiki hiyo dhahabu ilikuwa imeonekana upande wa chini, watu wamefurika, na mimi nimeishiwa maharage na mafuta. Nikamtuma Masanja Katoro. Akaniambia, "Dada, leo Ijumaa. Nikikosa ya leo nimekwisha." Nikamwambia, "Nenda, Mwalimu nitamwambia mimi." Kanisa na banda langu ni mwendo wa dakika tano. Wateja walikuja, nikapakua, nikapakua tena, saa kumi ikapita, jioni ikaingia. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho nikasema Jumapili. Jumapili nikaona aibu, kwa sababu ruhusa haiombwi baada ya kosa, na nilijua ataniuliza ilikuwaje. Dominika ya Matawi majina yalipokuwa yakisomwa, nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Masanja alinitazama. Ningesimama nikasema neno moja tu, jina lake lingesomwa. Sikusimama. Naye hakunitaja, si siku ile, si baadaye, na aliendelea kuniletea kuni kama kawaida.

Kwa hiyo Mwalimu alipokuja kuniomba radhi na majivu usoni, alikuwa anaomba radhi kwa kosa ambalo nusu yake ilikuwa yangu, na mwenyewe hajui. Kama ningemsamehe, nani angebaki? Ningebaki mimi. Nilimtumia yule mzee kama gogo la kujifichia, miaka saba, na kila alipokaa kwenye lile benchi nilijiambia anastahili. Na mimi nilikuwa napanda kupokea. Nilikuwa napanda, ninarudi, nampita pale alipokaa, naye ananiinamishia kichwa kwa heshima. Nikikumbuka hilo najiona mchafu.

Mwaka huu Jumatano ya Majivu hakuja.

Nilikuwa nimejiandaa kumnunia kama kawaida. Niliosha mchele, nikaangalia barabarani. Nikachambua maharage, nikaangalia tena. Majivu yetu tulipakwa na katekista mpya, kijana mwenye sauti nzuri aliyeshika ibada tangu mwaka uanze, nami muda wote nikidhani Mwalimu amepumzika tu kwake. Saa saba mchana nikamuuliza Mama Kulwa, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama amemwona.

"Hujui?" akasema. "Amechukuliwa na binti yake tangu mwezi wa kwanza. Yuko Geita mjini, Kalangalala. Kichwa kimechoka. Alikuwa anatoka nyumbani anasahau njia ya kurudi."

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikajisemea nitakwenda Jumamosi. Jumamosi mahindi yakaja kwa bei nzuri. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo Neema akaumwa jino. Kutoka kwetu hadi Geita si safari ya kumshinda mtu, pikipiki mpaka Katoro, pale unapanda gari, kabla ya saa sita uko mjini. Nilikuwa naogopa tu. Ijumaa moja baada ya nyingine nilitembea Njia ya Msalaba nikipanga maneno, na nikifika makaburini napita haraka. Kwaresima yote ikaisha hivyo. Nilikwenda Jumamosi Kuu, nimebeba kilo tano za mchele na sukari, moyo unanidunda kama msichana anayekwenda kutambulishwa ukweni.

Binti yake alinipokea vizuri. Mama wa makamo, ana duka la vitenge sebuleni. Nilimwambia natoka kigangoni, akafurahi, akasema baba anapenda watu wa kule. Kisha akaniangalia kwa makini. "Ungekuja mwezi uliopita," alisema. "Wiki za mwanzo za Kwaresima alikuwa bado anawafahamu watu. Sasa hivi hata mimi siku nyingine ananiita kwa jina la shangazi."

Akaendelea, huku akikunja kitenge. "Kuna jambo linanitesa. Padre wa hapa analeta Komunyo kwa wagonjwa. Baba anasali vizuri, sala zote anazo, lakini ikifika kupokea anafumba mdomo. Anasema kuna mtu anamsubiri kwanza. Tukimuuliza ni nani, mara anajua, mara hajui. Wewe unayetoka kule, unamjua?"

"Namjua," nilimwambia. "Nipeleke kwake."

Alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, koti limemzidi, mikono juu ya magoti. Amepungua. Nilipiga magoti mbele yake kama tunavyowapigia wazee wetu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Wabeja, asante kwa kuja. Wewe wa kwa nani?"

"Ni mimi, Mwalimu. Mama Neema. Wa banda la chakula, kule Rwamgasa. Dada yake Masanja."

Alinitazama kwa upole, akatabasamu, akatikisa kichwa kama alivyofanya mtoto akikosea sala. "Hapana. Mama Neema namjua. Yule haniamkii."

Binti yake alinishika bega. Nilikuwa nimeshaanza kulia, lakini nilijiambia leo siondoki na mzigo huu. Nikamshika mikono nikamweleza yote. Ijumaa ya tatu. Maharage na mafuta ya Katoro. Nitamwambia mimi, nilivyosema, na sikusema. Benchi la tatu siku ya Matawi, na Masanja akinitazama. Nikamwambia kosa lilikuwa langu kabla halijawa lake, kwamba nilijua miaka yote, kwamba nimemsamehe zamani, na kwamba sasa ninayeomba ni mimi. Nilisema haraka, nikajirudia, nikachanganya. Alinisikiliza bila kunikatiza. Macho yalikuwa ya Mwalimu kabisa, yale ya kusikiliza mtu anayeomba ruhusa.

Nilipomaliza akauliza, "Na huyo mtu uliyemnyamazia, umeshamwambia?"

"Ndiyo ninamwambia, Mwalimu. Ni wewe."

"Mimi nimekusikia," alisema. "Lakini kuniambia mimi hakutoshi, mwanangu. Uende kwake mwenyewe. Leo ni siku gani?"

"Jumamosi Kuu."

"Basi bado muda upo. Nenda kabla ya Pasaka. Usiogope, watu si wabaya, wengi wanasubiri tu uwafikie." Akanipigapiga mkono, akinituliza mimi. "Hata mimi nina mama mmoja ninamsubiri. Nilimkosea kwa ndugu yake. Ana hasira, na ana haki ya kuwa nayo. Nilikuwa namwendea, sasa hawa watoto hawaniruhusu kutoka."

"Mwalimu, ameshakusamehe."

"Amekwambia wewe?"

Alisubiri jibu kwa adabu, lisipokuja akanisogelea, akashusha sauti ili binti yake asisikie.

"Unarudi kule leo?"

"Narudi."

"Ukimwona mwambie sipo tena kule nyumbani, nimehamia huku kwa binti yangu. Mwelekeze vizuri, Kalangalala, nyumba yenye duka la vitenge. Asije akajikaza siku moja akanifuata kule, akakuta mlango umefungwa, akadhani nimekataa kumwona."

Nilimwambia nitamwelekeza.